Namna ya kuomba sababu iliyoandikwa kwenye DD 214 yako ibadilishwe

Kama ulitumikia jeshi la Marekani ukatoka na DD 214, yaani ile karatasi ya kutoka jeshini, iliyoandikwa "Personality Disorder" (matatizo ya tabia) au "Pattern of Misconduct" (utovu wa nidhamu wa kurudiarudia) au "Drug Abuse" (dawa za kulevya), basi unajua hiyo kitu inavyokufuata. Unaomba kazi, mtu wa HR anataka kopi, macho yake yanashuka mpaka chini ya ukurasa, na ata kama juu kuna medali na muda wa Afghanistan, yale maneno mawili ndio anayobaki nayo. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili tuliingia kule na green card, wengine kwa ile programu ya MAVNI ya kuandikisha wahamiaji wenye lugha zilizohitajika, iliyoidhinishwa 2008 ambayo Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zilizokuwa zinatafutwa, na siku ya kutoka tulisaini makaratasi haraka haraka ili turudi nyumbani tukapumzike. Hakuna aliyekaa na sisi akatuambia kwamba yale maneno yanaweza kubadilishwa. Yanaweza, ata kama imepita miaka mingi, na kuomba hakulipiwi ata senti moja.

Alafu kuna ule uvumi kwamba ukikaa miezi sita baada ya kutoka karatasi inajirekebisha yenyewe inakuwa Honorable, yaani ya heshima. Sio kweli, haijawahi kuwa kweli, na imewapotezea watu wengi muda. Usipoomba hakuna kinachobadilika.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote: sababu ya kutoka na aina ya kutoka ni vitu viwili tofauti. Watu wanaandika barua nzima wakiomba "upgrade" wanaishia hapo, bodi ya jeshi inayopitia maombi inawapandishia aina kutoka General (ya heshima lakini yenye dosari) kwenda Honorable, wanafurahi, alafu wanakuta sababu imebaki vile vile. Unaweza kabisa kuwa na Honorable juu na "Personality Disorder" chini yake. Kwa hiyo usiombe upgrade tu. Omba sababu ibadilishwe, na useme mwenyewe iwe nini.

Toa DD 214 yako uiweke mezani. Hakikisha ni ile kopi ya Member 4, manake ile fupi ya Member 1 haina boksi za 23 mpaka 30, zimeachwa nje, na hizo ndizo tunazozitaka. Boksi ya 24 ni aina, yaani Honorable, General, Other Than Honorable (isiyo ya heshima) na kuendelea. Boksi ya 25 ni kanuni waliyotumia kukutoa. Boksi ya 26 ni msimbo wa herufi tatu. Boksi ya 27 ni msimbo wa kurudi jeshini, ambapo RE-1 unaweza kurudi, RE-3 unahitaji ruhusa maalum, RE-4 mlango umefungwa. Boksi ya 28 ndio sababu yenyewe kwa maneno. Boksi za 25, 26 na 28 ni watoto wa tumbo moja, zinatembea pamoja, kwa hiyo ukibadilishiwa maneno ya 28 lakini 26 ikabaki JFX, mtu yeyote anayejua misimbo ataitafuta na ataona ni personality disorder. JKA ni pattern of misconduct, JKK ni dawa za kulevya. Ziombe zote kwa pamoja kwenye ombi lako.

Iwe nini basi? Mara nyingi jibu ni "Secretarial Authority", msimbo wake JFF. Maana yake ni kwamba umetolewa kwa mamlaka ya waziri wa tawi lako la jeshi, basi, haisemi ulikosa nini wala ulikuwa na ugonjwa gani. Bodi zenyewe zinaitumia zikiona sababu ya zamani haikuwa ya haki. Kama hoja yako ni kwamba ulitakiwa kutoka kwa ulemavu wa kiafya, hiyo ni njia nyingine na nzito zaidi, nitaigusa hapo chini.

Kabla hujaandika neno lolote, omba faili lako. Hapa ndipo watu wanakosa subira, wanajaza fomu kwa hasira usiku mmoja wanatuma, alafu bodi inasoma faili ambalo wao wenyewe hawajawahi kuliona. Tumia fomu SF 180 au omba mtandaoni kupitia National Archives, rekodi za waliotoka zinasimamiwa na kituo cha National Personnel Records Center kule St. Louis, Missouri. Usiombe DD 214 peke yake. Omba faili zima la utumishi, omba rekodi za matibabu, na taja kwa maneno wazi kwamba unataka ile pakiti ya kukutoa, yaani barua ya kamanda ya kukuarifu, karatasi za maonyo, vipimo vya daktari, na karatasi uliyosaini kuhusu haki zako. Kama unamsaidia mzee aliyetumikia zamani, ujue moto wa tarehe 12 Julai 1973 pale pale St. Louis uliteketeza mafaili milioni 16 mpaka 18, hasa ya Army waliotoka kati ya 1912 na 1960 na ya Air Force waliotoka 1947 mpaka 1964, kwa hiyo huyo itabidi ajenge kesi yake kwa karatasi alizotunza nyumbani na ushahidi wa watu.

Pakiti ikifika, isome polepole ukiwa na kalamu. Unatafuta vitu vya aina mbili. Cha kwanza ni kama walivunja kanuni zao wenyewe. Mfano ulikuwa umetumikia miaka 6 au zaidi ukiwa Army, ulikuwa na haki ya kusikilizwa na bodi kabla ya kutolewa, je walikupa? Walikutoa kwa pattern of misconduct, je kuna karatasi inayoonyesha walikuonya na kukupa nafasi ya kujirekebisha kwanza? Walikuandika personality disorder, ni nani aliyekupima, kwa dakika ngapi, na ana sifa gani? Maana mwaka 2008 wizara ya ulinzi ilibana hiyo sababu baada ya malalamiko mengi kwamba askari waliotoka vitani na PTSD (kiwewe cha vita) walikuwa wanabandikwa personality disorder, na tofauti sio ndogo, personality disorder haihesabiwi na VA, idara ya serikali ya maveterani, kama ugonjwa wa kulipiwa fidia. Kama ulikuwa umetoka vitani, ukakutwa na PTSD au jeraha la ubongo, alafu wakakupa Other Than Honorable bila uchunguzi wa daktari kwanza, soma sheria ya 10 U.S.C. 1177, inaweza kuwa hoja yako kubwa kuliko zote.

Cha pili ni haki. Yaani ata kama walifuata kanuni zote, je ilikuwa sawa kukutoa hivyo ukiangalia maisha yako yote ya jeshini, hali yako, na jinsi mambo yanavyofanyika leo? Hizi ndizo njia mbili ambazo bodi inazitambua, na unaweza kutumia zote mbili kwenye ombi moja.

Sasa uende bodi gani. Kama hujafikisha miaka 15 tangu ulipotoka, na hukutolewa kwa hukumu ya general court-martial (mahakama kubwa ya kijeshi), anza na Discharge Review Board, DRB, bodi ya kupitia upya namna ulivyotolewa. Fomu ni DD 293. Hiyo miaka 15 wanaihesabu kwa ukali, usicheze nayo, kama umebakisha miezi michache tuma fomu na ulichonacho. Bodi ina watu wasiopungua watatu, na kesi ikihusu PTSD au jeraha la ubongo lazima awepo mtaalamu wa afya. Uzuri wake ni kwamba haiwezi kukushusha, hali yako itabaki ilivyo au itakuwa bora. Alafu kuna mbinu moja: una haki ya kusomewa karatasi bila wewe kuwepo, na una haki ya kusikilizwa mwenyewe. Ukianza na karatasi ukakataliwa, bado unaweza kuomba usikilizwe, almuradi miaka 15 haijaisha. Ukianza na kusikilizwa huwezi kurudi nyuma kuomba karatasi. Kwa hiyo mwenye muda aanze na karatasi, akikataliwa anasoma walichoandika anajua pa kutilia nguvu.

Kama miaka 15 imepita, au ulihukumiwa na general court-martial, au unataka sababu iwe ulemavu wa kiafya, basi unaenda kwenye bodi ya juu zaidi ya kurekebisha rekodi kwa fomu DD 149. Army wana yao, Navy na Marine wana moja, Air Force na Space Force wana yao, na Coast Guard iko chini ya Homeland Security. Hawa wanaoamua ni raia na mamlaka yao ni mapana, ila hukumu yenyewe ya mahakama ya kijeshi hawaifuti, wanaweza tu kupunguza adhabu. Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa au uonevu, lakini usikate tamaa ukiona hiyo 3, wana uwezo wa kuisamehe kwa ajili ya haki na wanafanya hivyo, wewe andika aya moja ya kueleza kwanini umechelewa, labda ulikuwa mgonjwa, labda hukujua. DRB ikikukataa pia unakuja hapa.

Ushahidi sasa, na hapa usiwe na haraka. Chukua karatasi tupu, chora mstari katikati, kushoto andika tarehe, kulia andika kilichotokea. Januari, tathmini nzuri. Machi, bomu la barabarani, wawili kwenye gari lako wakaumia. Mei, unaenda kliniki kusema hulali. Juni, umechelewa formation (kupanga mstari). Julai, umechelewa tena. Septemba, Article 15 (adhabu ya kamanda bila mahakama) kwa pombe. Novemba, barua ya kutolewa. Ukiiona hivyo kwenye karatasi, hadithi inajisema yenyewe, na mtu wa bodi mwenye mafaili mengi mezani anaelewa kwa dakika mbili kwamba aliyekuwa askari mzuri mpaka Machi hakuamka tu siku moja akawa mkorofi. Weka hiyo orodha mbele kabisa ya ombi lako, na kila tarehe iwe na namba ya kiambatanisho kinachoithibitisha.

Kama kesi yako inahusu PTSD, jeraha la ubongo, ugonjwa mwingine wa akili, au kudhalilishwa kijinsia jeshini, una silaha ambayo waliotangulia hawakuwa nayo. Kuna memo ya waziri wa ulinzi Hagel ya 2014, na ile ya Kurta, ofisa wa wizara hiyo, ya tarehe 25 Agosti 2017 inayoziambia bodi ziwaangalie watu kama wewe kwa upana na huruma. Memo ya Kurta ina maswali manne, na barua yako inatakiwa iyajibu moja moja: je ulikuwa na hali au ulipitia jambo linaloweza kueleza kilichokutoa? Je ilitokea ukiwa jeshini? Je kweli inaeleza au kupunguza lile kosa? Na je ina uzito kuliko kosa lenyewe? Swali la tatu ndio linawaangusha watu. Wanaleta karatasi ya daktari inayosema ana PTSD wanaishia hapo, hawaelezi PTSD ilihusiana vipi na kukojoa chupani ikatoka bangi. Muombe daktari aandike wazi, kwamba kwa maoni yake mgonjwa alikuwa anatumia ili apate usingizi na kuzima kumbukumbu. Memo hiyo hiyo inasema ushuhuda wako peke yako unaweza kutosha, na kwamba uamuzi wa VA kuwa ugonjwa wako ulitokana na jeshi ni ushahidi wenye nguvu. Kwa hiyo kama una barua ya VA ya asilimia ya ulemavu, iambatanishe. Ila usichanganye, VA kukukubali hakubadilishi DD 214 yako, hizo ni ofisi mbili tofauti.

Memo ya Wilkie, ofisa mwingine wa wizara ya ulinzi, ya tarehe 25 Julai 2018 nayo inafungua mlango kwa mtu ambaye hana ugonjwa wowote lakini amebadilika. Vyeti vya shule, miaka ya kazi, kujitolea, kulea watoto, barua ya mchungaji au imamu, vyote vinahesabika.

Barua za watu ziwe na mambo waliyoyaona kwa macho yao. Hii haikusaidii: "Namfahamu, ni mtu mzuri, naomba asaidiwe." Hii ndio inasaidia: "Tulilala chumba kimoja kule Bagram, Afghanistan. Kabla ya lile bomu alikuwa wa kwanza kufika formation. Baada ya hapo alikuwa anaamka usiku anapiga kelele, akaanza kunywa peke yake. Sajini wetu alijua." Mke, kaka, rafiki uliyekuwa unampigia simu, wote wanaweza kuandika, na mama aliyeona ulivyorudi likizo umebadilika anaweza kuandika kwa Kiswahili, wewe uweke na tafsiri ya Kiingereza yenye jina na sahihi ya aliyetafsiri.

Barua yako mwenyewe iwe kurasa mbili tatu. Aya ya kwanza iseme unachotaka, kwa Kiingereza chako kilichonyooka, maana yake iwe hivi: naomba boksi ya 28 ibadilishwe kutoka Pattern of Misconduct iwe Secretarial Authority, boksi za 25, 26 na 27 zirekebishwe ziendane nayo, boksi ya 24 iwe Honorable, na nipewe DD 214 mpya. Hilo la mwisho usilisahau. Kuna fomu DD 215 ambayo ni karatasi ya marekebisho tu inayobandikwa kwenye ile ya zamani, na ukipewa hiyo bado utakuwa unaonyesha watu maneno yale yale pamoja na kiraka chake. Baada ya hapo eleza kilichotokea, kubali ulichokosea kama ulikosea, na usimtukane kamanda ata kama moyo unakuuma, acha tarehe zimseme. Na usiongeze chumvi, unasaini chini ya sheria ya shirikisho na uongo ni kosa la jinai.

Kwa waliotolewa kwa sababu ya kuwa mashoga au wasagaji chini ya ile sera ya Don't Ask, Don't Tell, njia yenu ni fupi. Sera ilifutwa rasmi tarehe 20 Septemba 2011 na siku hiyo hiyo ikatoka memo ya Stanley wa wizara ya ulinzi inayoziambia bodi zibadilishe sababu kuwa Secretarial Authority, msimbo JFF, aina iwe Honorable, na msimbo uwe wa kuruhusu kurudi jeshini, kama hapakuwa na kosa lingine ndani yake. Mwaka 2023 wizara ilianza kupitia mafaili yenyewe bila kusubiri maombi na 2024 ikatangaza zaidi ya watu 800 wamerekebishiwa, lakini kama hujapata barua usikae kusubiri, omba.

Na kama uraia wako uliupata kupitia utumishi wa jeshi, soma hii mara mbili. Ukitolewa kwa hali isiyo ya heshima kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, sheria inaruhusu uraia huo kunyang'anywa. Honorable na General zote zinahesabika kuwa za heshima kwa mambo ya uraia. Wewe uliye na Other Than Honorable, mtafute wakili wa uhamiaji kabla hujatuma chochote, alafu ndio wakili au mtetezi wa mambo ya jeshi.

Msaada wa bure upo. Vyama vya maveterani kama American Legion, DAV na VFW vina watetezi wanaojua hizi bodi, National Veterans Legal Services Program inawaunganisha maveterani na mawakili wa kujitolea, na vyuo vingi vya sheria vina kliniki za maveterani ambapo wanafunzi chini ya profesa wao wanakuandalia kesi nzuri sana. Tovuti ya VA nayo ina sehemu unajibu maswali machache inakuambia fomu gani na uitume wapi. Mtu akikudai pesa akikuahidi ushindi wa uhakika, mkimbie.

Ukiitwa kusikilizwa, siku hizi mara nyingi ni kwa video au simu. Jiandae kusema kwa dakika tano bila kusoma: ulikuwa nani, nini kilitokea, unaomba nini. Watakuuliza maswali magumu, na la kawaida ni hili, kwanini wenzako waliopitia yale yale hawakufanya ulichofanya? Lifikirie mapema ukiwa na mtu unayemwamini.

Alafu unasubiri. Sheria inazitaka zile bodi za kurekebisha rekodi zimalize kesi asilimia 90 ndani ya miezi 10 na zote ndani ya miezi 18, kwa hiyo ukihama badilisha anwani yako kwao mara moja, kuna watu barua ya ushindi imerudi kwa posta. Wakikukataa soma sababu walizoandika, kila moja, maana wanalazimika kuzieleza. Ukiwa na ushahidi mpya, bodi ya juu inaweza kuombwa iangalie tena, na baada ya hapo kuna mahakama ya shirikisho ambako kwa kawaida una miaka 6, na huko nenda na wakili.

Wakikukubali, DD 214 mpya ikifika isome boksi kwa boksi kabla hujamwonyesha mtu. Angalia 25, 26, 27 na 28 zinaendana, angalia boksi ya 18 ya maelezo isiwe imeachwa na sentensi inayotaja sababu ya zamani, angalia medali zako zote zipo na tarehe za utumishi ziko sawa, maana wakati wa kuchapa upya vitu vinadondoka. Ukikuta kosa waandikie wiki hiyo hiyo. Ikiwa sawa, peleka kopi VA uombe tena kila ulichokataliwa mwanzo, na kama sasa una Honorable waulize kuhusu Post-9/11 GI Bill, ile pesa ya kusomea, maana General ilikuwa inaizuia.